Maneno Yetu na Mila za Wagiriki wa Kale: Rai Kuhusu Kufasiri Maisha ya Kijinsia ya Athens

1. Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi katika vyuo vikuu vyetu hukutana na Wagiriki wa kale mapema katika masomo yao. Plato na Aristotle hutajwa katika mihadhara ya kwanza ya nadharia, na tamthilia za Sophocles zimekwisha kuwa kielelezo cha tanzia. Hata hivyo, upo upande mmoja wa jamii iliyowazaa waandishi hao ambao aghalabu hupitwa kwa haraka, au hutajwa kwa sentensi moja ya dhihaka. Upande huo ni mila za kijinsia na jinsi Wagiriki wenyewe walivyozitazama. Wapo wanaosema kwamba Wagiriki waliruhusu kila jambo. Wapo pia wanaosema kwamba walikuwa wapotovu, na kwamba upotovu huo ndio uliowaangusha. Kauli hizi mbili zinapingana, lakini zina kosa moja linalofanana: kila moja inaipima jamii ile kwa vipimo ambavyo yenyewe haikuwa navyo.

Rai ya makala haya ni kwamba kosa hilo huanza katika msamiati kabla ya kufika katika hoja. Mfasiri wa Kiswahili anapoandika zinaa, suria, kahaba au ulawiti mahali pa istilahi ya Kigiriki, huwa amekwisha kutoa hukumu, na msomaji huipokea hukumu hiyo akidhani kwamba amepokea habari. Tutajaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, Waathens waliyatazama mahusiano ya kijinsia kwa kuzingatia hadhi ya wahusika, yaani kama ni raia au mgeni, huru au mtumwa, mtu mzima au mtoto. Pili, Kiswahili kina nyenzo za kisarufi ambazo zinaweza kuibeba fikra hiyo vizuri, pengine kuliko Kiingereza ambacho kwacho wengi wetu tunawasoma Wagiriki. Tatu, kufasiri kwa uangalifu si kuwatetea Waathens. Kinyume chake, ndiyo njia ya kuwaona watu waliodhulumiwa na mila zao.

2. Nani anayezungumza?

Ushahidi tulio nao una mipaka. Sehemu kubwa yake inatoka katika mji mmoja, Athens, na katika karne ya 5 na ya 4 K.K. Isitoshe, maandishi hayo karibu yote ni ya wanaume walio huru, ambao ama walikuwa raia ama waliwaandikia raia hotuba za mahakamani. Sauti ya mwanamke imetufikia kwa nadra. Sappho wa kisiwa cha Lesbos, aliyetunga yapata mwaka 600 K.K., ni mmoja wa wachache, na tungo zake nyingi zimetufikia vipandevipande. Ama mtumwa, yeye huzungumziwa tu, hazungumzi.

Hata ndani ya mipaka hiyo Wagiriki hawakuwa na kauli moja. Katika mazungumzo ya Plato yajulikanayo kama Symposium, ambayo mandhari yake ni karamu ya mwaka 416 K.K., mhusika aitwaye Pausanias anaeleza kwamba desturi ya wanaume kuwapenda wavulana ilikubaliwa bila masharti huko Elis na Boeotia, ilionekana kuwa aibu katika sehemu za Ionia zilizotawaliwa na wageni, na kwamba katika Athens hali ilikuwa ya kutatanisha. Anatoa mfano: jamii ilimsifu mwanamume aliyemfuatia mvulana kwa bidii, lakini baba yule yule aliyesifu alimwekea mwanawe mlezi wa kumzuia asizungumze na wafuatiaji hao. Xenophon naye, akiandika juu ya Sparta, anadai kwamba sheria za huko zilikataza tamaa ya mwili kati ya mwanamume na mvulana, kisha anaongeza kwamba hashangai watu wengine wasipomwamini. Plato mwenyewe, katika Sheria, kitabu chake cha mwisho, anamfanya mzungumzaji wake mkuu apendekeze kuharamishwa kwa mahusiano ambayo katika Symposium yalikuwa yamesifiwa.

Kwa mintarafu hiyo, sentensi inayoanza kwa maneno "Wagiriki waliamini kwamba" inastahili kutiliwa shaka tangu mwanzo. Tunachoweza kukijadili kwa uhakika zaidi ni mabishano ya Waathens wenyewe, hasa yale yaliyofika mahakamani, kwa kuwa huko kila upande ulilazimika kutumia hoja ambazo wasikilizaji wake wangezikubali.

3. Kuoza, kuoa, kuolewa: nyumba na uraia

Mwaka 451/450 K.K. Athens ilipitisha, kwa pendekezo la Pericles, sheria iliyosema kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni wa jamii ya raia. Sheria hiyo inaeleza mengi. Tangu hapo tumbo la mwanamke wa Kiathens likawa mlango wa uraia, na ulinzi wake ukawa jambo la dola. Pericles mwenyewe alinaswa na sheria yake: mwana aliyezaa na Aspasia, mwanamke wa Miletus, hakuwa na haki ya uraia mpaka alipopewa kwa idhini ya pekee.

Msichana aliozwa mapema, mara nyingi akiwa na umri wa miaka 14 au 15 hivi, kwa mwanamume aliyekaribia miaka 30. Ischomachus, mhusika wa Xenophon katika kitabu chake juu ya uendeshaji wa nyumba, anasema kwamba mkewe alikuwa hajatimiza miaka 15 alipokuja kwake. Lugha ya Kigiriki ilieleza tukio hilo kwa maumbo matatu ya vitenzi. Baba au mlezi "alimtoa" binti. Mwanamume alitumia kitenzi cha kuoa katika kauli ya kutenda. Mwanamke alitumia kitenzi kile kile katika kauli nyingine, ile inayoitwa kauli ya kati.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Baba anaoza, mume anaoa, mke anaolewa: mnyambuliko wa kitenzi kimoja unaonyesha nafasi ya kila mhusika. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mume na mke, na hivyo huficha jambo ambalo Mgiriki alilitamka kila siku. Huu ni mfano mmoja unaobainisha kwamba kupitia Kiingereza ili kumfikia Mgiriki wakati mwingine ni kuzunguka bila sababu.

Neno la mlezi huyo, kurios, linakaribiana na walii tunayemjua katika ndoa za Kiislamu, kwa kuwa bila yeye hakuna ndoa. Lakini mfasiri atahadhari. Mamlaka ya kurios hayakuishia kwenye nikahi. Yalihusu mali ya mwanamke na uwakilishi wake mahakamani, na yalidumu maisha yake yote. Aliyekuwa kurios kabla ya ndoa alikuwa baba, na baada ya ndoa alikuwa mume.

Tukifika kwenye kosa liitwalo moikheia, uzito wa uchaguzi wa neno unadhihirika zaidi. Wafasiri wengi wangeandika zinaa. Zinaa, kama tunavyoitumia, ni dhambi mbele ya Mungu inayomhusu mwanamume sawa na mwanamke, na ni tendo lolote nje ya ndoa. Moikheia haikuwa hivyo. Sheria ya kale iliyonasibishwa na Draco ilimwachia huru mwanamume aliyemuua mtu aliyemkuta na mkewe, au mama yake, au dada yake, au binti yake, au kimada aliyemweka kwa ajili ya kuzaa watoto huru. Orodha hiyo inaonyesha kwamba aliyekosewa ni mwenye nyumba. Mwanamume mwenye mke aliyelala na mjakazi wake hakutenda moikheia hata kidogo. Neno lililo karibu zaidi ni ugoni, kwa sababu ugoni humtazama aliyevunjiwa haki yake, na wazee wetu walipozungumza juu ya kulipa ugoni walimaanisha fidia kwa mume. Hata hapo kuna tofauti ya kutajwa: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimpa mke pia haki ya kudai fidia ya ugoni, jambo ambalo Mwathens asingelielewa.

Hotuba ya Lysias ya kumtetea Euphiletos, aliyemuua mtu aitwaye Eratosthenes ndani ya nyumba yake, hutajwa sana katika mjadala huu. Mshtakiwa anadai kwamba sheria ilimwadhibu vikali zaidi anayemshawishi mwanamke kuliko anayembaka, kwa kuwa mshawishi huiharibu roho ya mwanamke na kuwatia shaka watoto wa nyumba. Kwa muda mrefu wanazuoni waliichukua kauli hiyo kuwa ndiyo msimamo wa Athens. Edward Harris (1990) alitukumbusha kwamba msemaji ni mtu anayejitetea kwa kosa la kuua, na kwamba kesi ya hubris, yaani ufedhuli wa kumdhalilisha mtu, ingeweza kumletea mbakaji adhabu kubwa. Onyo hilo ni la msingi. Hata hivyo, tusisahau jambo ambalo hotuba yenyewe inalisema kwa kunyamaza: mke wa Euphiletos, ambaye kesi nzima inamzunguka, hatajwi jina. Na mwanamke aliyekutwa na kosa hilo alipigwa marufuku kuhudhuria ibada za hadhara. Akithubutu kuingia, mtu yeyote aliruhusiwa kumvua mapambo na kumpiga, mradi asimuue. Mumewe naye alilazimishwa na sheria kumwacha.

4. Hetaira, pallake, porne

Katika hotuba dhidi ya Neaera, iliyotolewa na Apollodoros kati ya mwaka 343 na 340 K.K. hivi na kuhifadhiwa pamoja na hotuba za Demosthenes, mzungumzaji anawagawa wanawake katika mafungu matatu: hetaira kwa ajili ya starehe, pallake kwa ajili ya huduma ya mwili ya kila siku, na mke kwa ajili ya watoto halali na ulinzi wa nyumba. Mgawanyo huu umenukuliwa mara nyingi kana kwamba ni kifungu cha katiba. Ukweli ni kwamba ulikuwa hoja ya mtu aliyetaka kuwaaminisha mahakimu kuwa mstari kati ya mafungu hayo ni mnene, hali kesi yenyewe ilithibitisha kuwa ulikuwa mwembamba.

Tuanze na hetaira. Maana yake ya asili ni mwenzi wa kike. Sappho alilitumia kwa marafiki zake wanawake, na Athenaeus, aliyeandika yapata mwaka 200 B.K., anasema kwamba wanawake huru waliendelea kuitana hivyo. Papo hapo, katika vinywa vya wanaume wa Athens, lilikuwa jina la mwanamke aliyelipwa kwa zawadi na kualikwa karamuni. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu. Neno shoga, kati ya wanawake, ni jina la rafiki wa kufa na kuzikana. Likitoka kwa wengine na kumlenga mwanamume, ni jambo jingine kabisa. Hatusemi kwamba shoga ni tafsiri ya hetaira. Tunasema kwamba lugha yetu imekwisha kutufundisha kuwa neno moja laweza kuishi maisha mawili, na kwamba maana yake hutegemea nani anamwita nani.

Pallake mara nyingi hufasiriwa kuwa suria. Tafsiri hii inavutia lakini inapotosha. Suria wa pwani yetu alikuwa mjakazi wa bwana wake, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyemzalia bwana huyo alizaliwa huru, halali, na mrithi. Majid na Barghash, waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine kuanzia mwaka 1856 hadi 1888, walikuwa wana wa masuria wa Seyyid Said. Katika Athens, baada ya sheria ya Pericles, jambo kama hilo lilikuwa nje ya kanuni: mtoto wa pallake mgeni hakuwa raia. Aidha, pallake aliweza kuwa mtumwa au mtu huru. Anayeandika suria analeta, bila kukusudia, sheria nzima ya urithi isiyokuwako. Kimada, japo ni neno la mtaani zaidi, halina mzigo huo.

Mwisho ni porne, ambaye sisi humwita kahaba au malaya. Hapa ndipo tafsiri ya mazoea inapofanya madhara makubwa. Wanaisimu hulinasibisha neno hilo na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuuza hata ng'ambo, kitenzi cha soko la watumwa. Maneno yetu mawili yanamlenga mwanamke na tabia yake, lakini Kigiriki kilimkumbuka, angalau katika mzizi wa neno, mtu aliyemuuza. Dola ya Athens ilitoza kodi maalumu kwa biashara hiyo, na ukusanyaji wake uliuzwa na Baraza kwa wakandarasi kila mwaka. Maofisa 10 walioitwa astynomoi, watano mjini na watano bandarini Piraeus, walihakikisha kwamba wanawake wapiga zumari hawakodishwi kwa zaidi ya drakma 2. Waliogombea mpigaji mmoja walipigiwa kura. Habari hizo zimo katika Katiba ya Waathens iliyotokea katika chuo cha shule ya Aristotle, ambayo mafunjo yake yaliyopatikana Misri yalichapishwa London mwaka 1891. Mambo haya hayakufanyika kwa siri. Yalisimamiwa na dola.

Neaera mwenyewe ni kielelezo. Kwa mujibu wa hotuba, alinunuliwa akiwa mtoto mdogo na mwanamke aitwaye Nikarete, pamoja na wasichana wengine sita, akafanyizwa kazi huko Corinth. Nikarete aliwaita binti zake, ili bei yao ipande kwa wanaume waliodhani kwamba wasichana hao ni huru. Baadaye wanaume wawili walimnunua kwa mina 30, yaani drakma 3,000, katika zama ambazo fundi alipata drakma 1 au 2 kwa siku. Walipotaka kuoa walimruhusu ajikomboe kwa mina 20. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima anayeishi Athens na raia aitwaye Stephanos, alishtakiwa kwamba ni mgeni anayejifanya mke wa raia. Adhabu iliyomkabili ilikuwa kuuzwa tena utumwani. Adhabu ya Stephanos ilikuwa faini ya drakma 1,000. Anayeyafasiri maisha hayo yote kwa neno moja, kahaba, amechukua upande wa mshtaki.

5. Mpenda na mpendwa

Kuhusu mahusiano ya wanaume na wavulana, Wagiriki walikuwa na jozi ya maneno: erastes, mwenye kupenda, na eromenos, mwenye kupendwa. Kiswahili kinaipata jozi hiyo bila taabu, mpenda na mpendwa, kwa kiambishi kimoja cha kauli ya kutendwa. Tukiandika "wapenzi" kwa wote wawili, tunaondoa jambo ambalo kwa Mwathens lilikuwa kiini: wahusika hawakuwa sawa. Mmoja alikuwa mtu mzima, raia. Mwingine alikuwa kijana ambaye ndevu hazijaota. Mmoja alitarajiwa kufuatia, mwingine alitarajiwa kuwa mgumu wa kukubali.

Neno ulawiti halifai hapa. Linatokana na jina la Nabii Lut na linabeba kisa chake, na kisa hicho hakikuwamo katika fikra za Plato wala za mahakimu wa Athens. Vilevile hanithi halitoshi kwa kinaidos, ambaye alilaumiwa kwa kushindwa kujitawala mbele ya anasa, hata pale anasa hiyo ilipokuwa wanawake.

Kesi ya Timarchus ya mwaka 346/345 K.K. inaeleza mipaka vizuri zaidi kuliko falsafa. Aeschines alimshtaki mwanasiasa huyo kwamba katika ujana wake aliuza mwili wake, na hivyo alikuwa amepoteza haki ya kuhutubia mkutano wa raia. Katika hotuba hiyo hiyo Aeschines anakiri kwamba yeye mwenyewe amewahi kuwa mpenda na kutunga mashairi ya mapenzi, wala haoni haya. Lililokuwa aibu, kwa hoja yake, ni raia kujiweka sokoni kama mtumwa. Aliyeuza mwili wake angeweza kuuza na maslahi ya mji. Timarchus alishindwa na kupoteza haki zake za uraia. Sheria nyingine anazozitaja zinathibitisha mtazamo huo. Mtumwa aliyempenda mvulana huru alistahili mijeledi 50. Baba aliyemkodisha mwanawe aliadhibiwa pamoja na aliyemkodi. Mtoto hakushtakiwa, na alipokua hakulazimika kumtunza baba huyo uzeeni, isipokuwa kumzika tu.

Wataalamu wa kisasa hawajakubaliana namna ya kuufupisha mfumo huu. Dover (1978) aliujenga uchambuzi wake juu ya kesi hiyo na juu ya michoro ya vyungu. Foucault (1984) alisisitiza suala la mtu kujitawala. Halperin (1990) alishikilia kwamba mgawanyo wetu wa watu kufuatana na jinsia wanayoitamani ni wa karne za karibuni. Davidson (2007) aliwapinga, akisema kwamba wameyapunguza mapenzi ya Wagiriki hadi kuwa suala la nani anamtenda nani, na kusahau ahadi, heshima na hisia. Kwa maoni yetu, Davidson ana haki ya kudai kwamba hisia zisisahauliwe, lakini hoja ya hadhi haijaanguka. Sheria zilizotajwa hapo juu hazisomeki bila hoja hiyo.

6. Je, kueleza ni kutetea?

Wapo watakaosema kwamba uangalifu huu wote wa maneno ni njia ya kuusafisha uchafu, na kwamba mwalimu anayejali maadili anapaswa kuuita uovu kwa jina lake. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Mvulana wa miaka 14 anayefuatiwa na mtu mzima ni mtoto, na sheria za nchi zetu leo zinamtambua hivyo. Msichana wa umri huo anayeozwa kwa mwanamume wa miaka 30 ni mtoto vilevile. Hatuna sababu ya kuona haya kulisema hilo darasani.

Lakini tuangalie ni msamiati upi unaotuwezesha kulisema. Neno ulawiti huwatia hatiani mpenda na mpendwa kwa pamoja, na hivyo mtoto hutoweka ndani ya kosa. Neno kahaba humtia hatiani Neaera, na Nikarete hutoweka, pamoja na wale wawili waliotoa mina 30. Neno zinaa hutufanya tudhani kwamba mume na mke walibeba lawama sawa, na mjakazi aliyelala jikoni, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza kama ameridhia, hatoki hata kwa jina la kosa. Maneno ya hukumu tuliyoyazoea yanawahukumu watu wasiostahili. Kwa hakika sheria ya hubris ya Athens ilimtaja hata mtumwa kuwa mtu anayeweza kudhalilishwa. Ila Aeschines anaieleza kwamba mtunga sheria hakumjali mtumwa, bali alitaka kuwazoeza raia kutomdhalilisha mtu huru. Ukatili wa kauli hiyo unaonekana tu pale inapofasiriwa kama ilivyo.

Tena, suala la tafsiri si la wanazuoni peke yao. Mwaka 1993, katika mahakama ya Denver, Marekani, kesi kuhusu marekebisho ya katiba ya jimbo la Colorado yaliyopigiwa kura mwaka 1992 iliwaleta wanafalsafa wawili mashuhuri, John Finnis na Martha Nussbaum, wakitoa ushahidi unaopingana kuhusu mafundisho ya Wagiriki juu ya mapenzi ya watu wa jinsia moja. Sehemu ya mabishano yao ilihusu neno moja, tolmema, katika Sheria ya Plato: je, ni kitendo cha ujasiri tu, au ni kitendo cha ufedhuli? Walibishana hata juu ya toleo la kamusi la kutegemewa. Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa uamuzi wake mwaka 1996 haikuwategemea Wagiriki, na ilifanya vyema, kwa kuwa haki za walio hai hazipaswi kungoja tafsiri ya neno la karne ya 4 K.K. Hata hivyo, tukio hilo linatufundisha kwamba Wagiriki huitwa kuwa mashahidi, na anayewaita huwa amekwisha kuchagua mkalimani.

7. Hitimisho

Tunapendekeza, basi, mambo matatu kwa watakaofasiri au kufundisha matini hizi kwa Kiswahili. Kwanza, istilahi za hadhi, kama vile hetaira, pallake na kurios, zibaki katika umbo lake la Kigiriki zinapotajwa mara ya kwanza, zielezwe, kisha zipewe neno la Kiswahili lenye mzigo mdogo kabisa wa sheria na dini yetu. Pili, pale sarufi yetu inapoonyesha nafasi ya mtenda na mtendwa, tuitumie bila woga: kuoza, kuoa, kuolewa, mpenda, mpendwa, aliyeuza, aliyeuzwa. Tatu, hukumu ya mfasiri iandikwe katika dibaji au katika mjadala, kwa jina lake mwenyewe, mahali ambapo msomaji anaweza kuijibu, badala ya kufichwa ndani ya neno.

Wanafunzi wetu hawatapungukiwa na maadili kwa kusoma hivyo. Watajua kwamba jamii iliyotupa nadharia ya tanzia ndiyo pia iliyokodisha wapiga zumari kwa bei elekezi, na wataweza kusema ni nani hasa aliyelipia gharama.